Merikani, Mtumba na Fulana Zetu 40

Nianze na aibu yetu wenyewe. Mwaka juzi sisi vijana tunaoandika, kikundi chetu cha hapa Lushoto, tulichangishana pesa tukaagiza fulana 40 (tisheti, kama mnavyosema mjini), kifuani zimeandikwa jina la kikundi. Hesabu ilikuwa nyepesi: tuziuze, faida ilipie uchapaji wa toleo. Mwuzaji mmoja wa Dar es Salaam, jina lake libaki huko huko, akatupa bei ya kirafiki. "Pamba tupu, kaka. Asilimia mia." Na kweli, pamba ilikuwa pamba.

Zilifika mwezi wa Juni, baridi imeshika milima, ukungu mpaka saa nne asubuhi. Fulana zimenyooka, zina ugumu kidogo mkononi, zinapendeza. Tukauza zote 40 kwa siku tatu. Kisha watu wakazifua. Mara moja tu, jamani! Fulana ikalegea kama kitambaa cha kuchujia tui, shingo ikafanya mawimbi, jina letu likapinda upande, na mwenzako akisimama pale Irente jua likiwa nyuma yake, unamhesabu mbavu. Watu 10 walirudisha wakadai pesa zao. Toleo halikutoka mwaka ule.

Bibi yangu ndiye aliyenifungua macho. Alichukua moja ambayo ilikuwa haijaguswa na maji, akashika pindo kwa mikono miwili, akalifikicha kama mtu anayefua. Akaiinua juu ya mwanga wa dirisha. Akaniambia, "Mjukuu wangu, nyinyi hamkununua nguo. Mmenunua uji."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaeleza kwamba alipokuwa msichana, mama yake hakununua bafta wala merikani dukani bila kuifikicha kwanza. Nguo mbaya ilidondosha unga mweupe kwenye kaunta, mwenye duka akajifanya haoni. Unga ule ndio uliokuwa ukitoa uzito. Ukifua, uzito unakwenda na maji, wewe unabaki na nyavu.

Tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia jambo hili kwenye vitabu, na ninachotaka kukusimulia ni kwamba kufikicha kule kuna historia ndefu kuliko bibi.

Turudi nyuma. Mwaka 1833 Sayyid Said wa Zanzibar alitiliana mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 konseli wa kwanza wa Kimarekani, Richard Waters, akafika Unguja. Alikuwa mtu wa Salem, mji wa bandari katika Massachusetts. Meli za Salem zilikuja kuchukua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi, na zilileta nguo ya pamba isiyopaushwa, yenye rangi ya maziwa yaliyochujuka, nene, ya kawaida kabisa. Watu wa pwani wakaiita merikani. Jina likaganda mpaka leo, hata kama jora lenyewe limefumwa kwingine kabisa.

Kwa nini merikani ilishinda? Haikuwa na urembo wowote. Ilishinda kwa sababu ilikuwa nzito kwa haki: uzi ulikuwa mwingi, na jora la leo lilifanana na jora la mwaka jana. Waingereza walijaribu kuiiga, na wanunuzi wa bara, ambao hawakusoma alama yoyote iliyopigwa kwenye kitambaa, waliwatambua kwa vidole.

Nguo wakati ule ilikuwa pesa. Ilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono 4 ni shuka, mikono 8 ni doti. (Mwenye mkono mrefu alikuwa na thamani yake sokoni, wacha tu.) Lakini njiani nguo haikusafiri kwa mikono, ilisafiri kwa uzito. Mpagazi alibeba robota la ratili 60 mpaka 70 hivi, yaani kilo 27 hadi 32, na robota hilo, ndugu yangu, liliitwa mtumba. Ndiyo, neno ni lile lile. Unaposema leo "nakwenda mtumbani kutafuta pamba kali", unalitamka jina la mzigo uliokaa kwenye bega la mpagazi.

Sasa hapa ndipo penye siri. Mfanyabiashara alilipa mbebaji kwa mzigo, akauza kwa urefu. Nguo ikiwa nyepesi kwa sehemu moja ya kumi, wapagazi 9 watabeba mikono ile ile iliyokuwa ikibebwa na wapagazi 10. Kila uzi uliopunguzwa kiwandani ulikuwa faida njiani. Mnunuzi naye alitaka kinyume chake, kwa sababu yeye ndiye atakayejifunika usiku. Kati ya hao wawili hapakuwa na mizani. Palikuwa na kufikicha.

Huku kwetu Shambaai mambo hayo yalifika kwa njia ya uchungu. Wakati Krapf alipopanda milima hii mwaka 1848, na Burton na Speke walipofika Vugha mwaka 1857, mfalme alikuwa Kimweri ye Nyumbai, na nguvu yake ilisimama juu ya mvua, ng'ombe na kodi ya watu wake. Alikufa mwaka 1862. Mwanawe Semboja alikaa Mazinde, chini kabisa, bondeni, ambako misafara ilipita. Mtu wa mlimani alikuwa na heshima ya jadi. Mtu wa bondeni alikuwa na nguo na bunduki. Unajua nani alishinda. Vita vya Wakilindi vikafuata, na katika vita hivyo watu walikamatwa wakauzwa pwani. Binadamu akahesabiwa kwa doti. Anayetaka kusoma habari za ukoo huo kwa Kiswahili chenye nguvu atafute Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy. Sisi tunaotaka kuandika tuna babu wa kalamu pale, na wengi wetu hatujamfungua.

Wakati Shambaai inaungua, ng'ambo ya bahari nako kulikuwa na vita. Kuanzia 1861 hadi 1865 Wamarekani walipigana wao kwa wao, pamba ya kusini ikazuiwa, viwanda vikakosa malighafi, merikani ikaadimika Unguja. Pengo likajazwa na nguo za Uingereza na za Bombay, ambako kiwanda cha kwanza cha pamba kilikuwa kimeanza kazi miaka ya 1850. Na hapa ndipo uji wa bibi unapoingia. Uzi wa kufuma hupakwa wanga ili usikatike kwenye mtambo. Hilo ni jambo la kawaida na la halali. Lakini pamba ilipopanda bei, wafumaji wa Lancashire wakazidisha: wakachanganya wanga na udongo mweupe ule wa kutengenezea vyombo vya kaure, wakaujaza kwenye nguo hafifu mpaka ikawa nzito kama nguo halisi. Miaka ya 1870 malalamiko yalitoka India na China, nguo zikiota ukungu ndani ya marobota kwa sababu ya uji ule. Mteja alinunua udongo kwa bei ya pamba.

Basi mama yake bibi, akifikicha pindo kwenye kaunta ya Lushoto, alikuwa akiwajibu watu wa Lancashire.

Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na mzigo ukashuka kutoka begani. Miaka hiyo nitairuka. Nije kwenye nguo zetu wenyewe. Mwaka 1968 Urafiki ilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na viwanda vingine vikafuata, Mwanza, Musoma na kwingineko. Wazee wanazikumbuka khanga na vitenge vya wakati ule. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi haikuwa na fedha za kigeni, vipuri havikupatikana, mitambo ikalala. Bibi anasema alipanga foleni tangu alfajiri kwa ajili ya doti moja ya khanga, na siku hiyo hakuifikicha. "Ningefikicha nini? Ungepata ungeshukuru." Nadhani hiyo ndiyo sentensi ya historia iliyoniuma kuliko zote alizonipa. Uhaba unamnyang'anya mtu hata vidole vyake.

Mwaka 1984 serikali ikalegeza, watu wakaruhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao, na kafa Ulaya ikamwagika. Mpaka gulio la Lushoto likawa na marobota yake kando ya nyanya na viazi. Angalia tena hesabu ile ya mpagazi. Robota la kilo 45 mchuuzi hulinunua kwa uzito, hulifungua, halafu huuza kwa kipande. Fulana ya gramu 150 zinaingia 300. Fulana ya gramu 200 zinaingia 225 tu. Tofauti ya vipande 75! Ndiyo maana mchuuzi anaomba Mungu fulana ziwe nyepesi na wewe unaomba ziwe nzito, wote mnasali mbele ya robota moja.

Kipimo chenyewe ni rahisi, na laiti ningekijua kabla. Kitambaa hupimwa kwa gramu za mita moja ya mraba. Wenye viwanda huandika GSM. Fulana za gramu 120 hadi 150 ni nyepesi, za joto la Mombo au Tanga. 160 hadi 180 ni za kati. Kuanzia 190 kwenda juu ni nzito, na kwa Juni ya Lushoto hizo ndizo nguo. Ukiwa na kipande cha kupoteza, kata sentimita 10 kwa 10, kipime kwa mizani ya sonara, zidisha mara 100. Fulana ya saizi kubwa hula karibu mita moja ya mraba, kwa hiyo uzito wa fulana nzima unakupa jibu la kukadiria hata bila mkasi.

Lakini usije ukaabudu namba. Nyuzi fupi zikisokotwa hovyo, hata gramu 200 zitaota vinundu kwapani ndani ya mwezi. Na uzito wa dukani unaweza kuwa na uji wake. Fua moja, ikauke, ndiyo uipime.

Mwaka huu tumejikusanya tena. Safari hii tuliomba sampuli mbili kwanza, tukazifua mara tatu kwa sabuni ya kipande, tukazianika juu ya ua. Mzigo ulipofika tukaupeleka kwa mama anayeuza nyanya, mwenye mizani ya saa. Tuliweka kwanza zile 10 za zamani zilizorudishwa: kilo 1 na robo. Tukahesabu, gramu 125 kila moja. Kisha tukaweka mpya, 40 zote kwenye kiroba kimoja, mshale ukapita 7 ukasimama mbele kidogo. Karibu gramu 180 kwa fulana.

Mama wa nyanya akatutazama, akauliza kama sisi huwa tunauza nguo kwa kilo. Tukamwambia hapana. Akashika pindo la moja, akalifikicha.