Dada Zetu wa Maldivi: Mchezo na Maji ya Bahari

Wengi wenu mnaijua Maldivi kwa picha za fungate: vibanda juu ya maji, mchanga mweupe, bibi harusi kwenye bembea. Leo tuziweke kando kidogo. Nchi ile ni ya Waislamu wenzetu, tena ni watu wa visiwa kama sisi.

Walisilimu mwaka 1153. Ibn Battuta, yule yule aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika kwao mwaka 1343 akafanywa kadhi. Alikuta mtawala ni mwanamke, Sultana Khadija. Aliandika pia kwamba kuoa huko ni rahisi kwa sababu mahari ni ndogo. (Naye hakuiacha nafasi hiyo ipite, alioa wake kadhaa.)

Visiwa ni karibu 1,200, na vinavyokaliwa na wenyeji havifiki 200. Ardhi yake imeinuka kwa wastani wa mita 1.5 tu. Mwanamke wa kimo cha kawaida akisimama penye usawa wa bahari, kichwa chake kinakuwa juu kuliko sehemu kubwa ya nchi.

Aprili 1987 mawimbi makubwa yaliingia Malé, mji mkuu. Oktoba mwaka huo Rais Maumoon Abdul Gayoom alisimama Umoja wa Mataifa akaeleza hatari ya nchi yake kumezwa na maji. Mwaka uliofuata, 1988, Maldivi ikaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, kule Seoul. Huenda yamesadifiana tu, lakini sisi hatuwezi kuyatenganisha: nchi inayohofia kufutika kwenye ramani, na jina lake likisomwa uwanjani mbele ya dunia.

Hadi Paris 2024 hawajapata medali hata moja ya Olimpiki. Kwenye soka wamefurahi zaidi. Mwaka 2008 walitwaa ubingwa wa Asia Kusini kwa kuifunga India 1-0 katika fainali, na mwaka 2018, mjini Dhaka, wakaifunga India tena 2-1. India ina watu zaidi ya bilioni moja. Maldivi nzima ingeenea katika mtaa mmoja wa Mumbai.

Wasichana nao wana mchezo wao wa asili, bashi. Mpira ulisukwa kwa majani ya mnazi, na mpigaji huwapa mgongo wapinzani, akaupiga mpira kwenda nyuma juu ya kichwa chake, wao wakijaribu kuudaka. Waliocheza rede utotoni wataelewa utamu wake. Siku hizi hutumia raketi na mpira wa tenisi.

Raketi hizo zinatukumbusha Fathimath Nabaaha Abdul Razzaq, mchezaji wa badmintoni, aliyeiwakilisha nchi yake Tokyo na kisha Paris. Huko Paris alipangiwa P. V. Sindhu wa India, mwenye medali mbili za Olimpiki. Alishindwa 21-9, 21-6, kwa muda usiofika nusu saa. Wapo watakaouliza alikwenda kufanya nini. Sisi tunasema alicheza, na kila pointi ya zile 15 aliipata kwa mkono wake.

Nyumbani maji hayasubiri. Tsunami ya Desemba 26, 2004 iliharibu kisiwa cha Kandholhudhoo hata wakazi wote wakahama, na baadaye wakajengewa makao mapya Dhuvaafaru. Oktoba 2009 Rais Mohamed Nasheed na mawaziri wake walivaa mitungi ya hewa wakafanya kikao chini ya bahari, ili dunia itazame.

Na tangu mwaka 1997 wanafukia bahari kwa mchanga jirani na Malé, kuunda kisiwa cha Hulhumalé. Wamekiinua kama mita 2, juu kidogo kuliko walikotoka. Kina nyumba, misikiti, na viwanja vya watoto kuchezea.