Msongo wa mawazo unavyovuruga ubongo na kinga ya mwili

MTU aliyelemewa na madeni, msiba au ugomvi wa nyumbani usiokwisha aghalabu hujitenga na wenzake, hukosa hamu ya chakula na kulala vibaya. Jamaa zake humwita mvivu au mwenye kiburi, kumbe kiini cha tabia hiyo chaweza kuwa mwilini mwake.

Binadamu anapokabiliwa na hatari, ubongo huamrisha tezi zilizo juu ya figo kutoa homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo hudunda kasi na sukari huongezeka katika damu ili apate nguvu za kupambana au kutoroka. Kotisoli pia hudhibiti kinga ya mwili isije ikapita kiasi. Hatari ikiondoka, hali hurejea kama kawaida.

Matatizo huzuka pale msongo unapodumu kwa miezi. Seli za kinga huweza kuacha kuitii kotisoli, zikaendelea kutoa saitokini, yaani kemikali ambazo seli hizo hutumia kupashana habari. Ujumbe huo hufika ubongoni kupitia damu na neva, nazo mikroglia, ambazo ni seli zinazoulinda ubongo, huupokea na kutoa saitokini zaidi.

Saitokini ndizo humfanya mgonjwa wa malaria au mafua ajilaze, akatae chakula na asitake mazungumzo. Kwake yeye tabia hiyo ina manufaa, kwani huhifadhi nguvu za kupigana na maradhi. Mwenye msongo naye hudhoofika vivyo hivyo ilhali hana vijidudu vya kupigana navyo.

Ushahidi upo. Baadhi ya wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliotibiwa kwa interferoni, ambayo ni saitokini, walipatwa na sonona.

Aidha, utafiti uliochapishwa na wataalamu wa Ohio, Marekani, mwaka wa 1995 ulibaini kwamba vidonda vidogo vya wanawake waliowauguza jamaa waliopoteza kumbukumbu vilichukua takriban siku 49 kupona. Vya wanawake wasiokuwa na mzigo huo vilipona kwa siku 39.

Usingizi wa kutosha, mazoezi na kumweleza mtu unayemwamini yanayokusibu husaidia kupunguza msongo. Hata hivyo, huzuni ikizidi majuma mawili, ni vyema kumwona daktari. Anayejitenga nyumbani mwenu huenda anahitaji msaada, wala si lawama.