Kisu cha kukunja: Namna ya kuchagua kinachofaa kubebwa kila siku Simiyu

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

KISU cha kukunja ni zana ndogo yenye kazi nyingi. Kwa mkazi wa Bariadi, ndicho kinachomenya chungwa stendi, kukata kamba ya gunia la mpunga sokoni na kumwokoa ng'ombe wa kulimia pale kamba inapomkaza shingoni.

Lakini katika Mkoa wa Simiyu kisu hicho hicho kinaweza kumfikisha mwenye nacho mahakamani, endapo atakutwa nacho mahali pasiporuhusiwa na akashindwa kueleza anakitumia kwa kazi gani.

Kwa sababu hiyo, anayenunua kisu cha kubeba kila siku anapaswa kujiuliza maswali mawili kabla ya kutoa fedha yake. La kwanza, je, kitakata? La pili, je, mtu yeyote atakayekiona atakitambua mara moja kuwa ni zana ya kazi?

Simiyu, mkoa ulioanzishwa rasmi mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Shinyanga na sehemu ya Mwanza, una wilaya tano za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Wakazi wake wengi ni wakulima wa pamba na wafugaji, na upande wa mashariki mkoa umepakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na Pori la Akiba Maswa. Mambo hayo mawili, kazi ya shamba na mifugo kwa upande mmoja na mpaka wa hifadhi kwa upande mwingine, ndiyo yanayopaswa kuongoza uchaguzi wa kisu.

Kwa nini cha kukunja?

Uhunzi si jambo geni katika nchi ya Wasukuma. Kabla ya ukoloni, wahunzi waliojulikana kama Barongo, katika maeneo ya Geita na Buzinza, waliyeyusha na kufua chuma, na majembe yao yalifika Usukuma kwa njia ya mabadilishano. Hadi leo wapo mafundi wanaofua visu kutokana na springi za magari chakavu, na visu hivyo hukata vizuri.

Hata hivyo, kisu cha fundi huyo kwa kawaida hakikunjwi. Kinahitaji ala, ni kirefu, na kikichomekwa kiunoni huwatia watu wasiwasi. Mahali pake ni jikoni, shambani na machinjioni.

Kisu cha kukunja huficha makali yake ndani ya mpini. Hakitoboi mfuko, hakimkati mwenye nacho anapokaa kwenye pikipiki, na hakionekani mpaka kazi itakapokihitaji.

Aina nne za kiasili

Visu vya kukunja vya mtindo wa zamani hutofautiana kwa namna bapa linavyoshikiliwa likiwa wazi. Mnunuzi akielewa tofauti hiyo, nusu ya uchaguzi imekwisha.

Aina ya kwanza ni ile isiyo na springi wala kufuli. Bapa linashikiliwa na mkazo wa msumari wa bawaba peke yake. Ni kisu rahisi kutengeneza na rahisi kusafisha, lakini bawaba ikilegea, bapa linaweza kujifunga ghafla juu ya vidole.

Aina ya pili ina springi iliyolala mgongoni mwa mpini. Springi hiyo hulisukuma bapa libaki wazi au libaki limefungwa, ingawa halikufungwa kwa kufuli. Visu vya mfukoni vya Uswisi ni wa jamii hii. Karl Elsener alifungua karakana yake huko Ibach mwaka 1884, na kisu chake cha maofisa kilisajiliwa mwaka 1897. Kampuni hiyo ndiyo inayofahamika leo kwa jina la Victorinox.

Aina ya tatu hutumia pete. Mfano unaojulikana zaidi ni Opinel ya Ufaransa, iliyobuniwa na Joseph Opinel mwaka 1890. Pete ya chuma iliyo shingoni mwa mpini iliongezwa mwaka 1955. Bapa likishafunguliwa, pete huzungushwa na kulizuia lisirudi. Ni kinga rahisi ambayo hata mtoto wa shule anaweza kuielewa.

Aina ya nne ni ya meno, na mfano wake ni Okapi. Kisu hiki kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika, wakati ambao Tanganyika nayo ilikuwa chini ya utawala huo. Tangu mwaka 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Bapa lake linapofunguliwa hutoa mlio wa meno yanayopandana, na ili kulifunga ni lazima kuvuta pete iliyo mgongoni.

Kwa kazi za kila siku za mkazi wa mjini, kama kumenya matunda, kufungua mifuko na kukata kamba nyembamba, aina ya pili inatosha. Kwa anayekata kamba nene, mipira ya tairi au kwato za mbuzi, aina ya tatu au ya nne ni salama zaidi, kwa kuwa bapa haliwezi kujifunga wakati mkono unapokaza.

Urefu na umbo

Bapa la sentimita sita hadi nane na nusu linatosha kwa takriban kila kazi isiyo ya kuchinja. Opinel namba 8, ambayo wengi huiona kuwa ya ukubwa wa wastani, ina bapa la sentimita 8.5.

Kisu kirefu zaidi ya hapo ni kizito mfukoni, na hakiongezi faida katika kumenya embe au kukata viazi vitamu vya kuanika michembe. Kinachoongezeka ni maswali kutoka kwa watu wanaokiona.

Umbo nalo lina maana. Mgongo ulionyooka wenye ncha iliyoshuka kidogo unafaa kazi nyingi. Bapa lenye makali pande zote mbili, au linalochomoka lenyewe kwa kubonyeza kitufe, halina kazi ya maana sokoni wala shambani, na linamfanya mwenye nalo aonekane amejiandaa kwa ugomvi.

Chuma kipi?

Madukani kuna vyuma vya aina mbili. Chuma cha kawaida chenye kaboni hunoleka upesi kwenye jiwe na hupata makali mazuri, lakini hushika kutu. Kikimenya embe au chungwa hubadilika rangi na kuwa cheusicheusi kwa sababu ya asidi ya tunda. Weusi huo si ubovu.

Chuma kisichoshika kutu kimechanganywa na kromiamu, angalau asilimia 10.5. Kinavumilia jasho, mvua na maji ya matunda. Kasoro yake ni kwamba baadhi ya visu vya bei ndogo sana vya aina hii vina chuma laini, ambacho makali yake huisha baada ya kazi chache.

Mwenye jiwe la kunolea nyumbani, na asiyeona uvivu kukausha kisu chake, atafurahia chuma chenye kaboni. Anayekisahau kisu mfukoni wiki nzima wakati wa masika ni afadhali achukue kisichoshika kutu.

Tahadhari kuhusu mpini

Mipini ya mbao, plastiki ngumu na pembe ya ng'ombe yote inafaa. Mbao ngumu kama mninga na mpingo hudumu, mradi isilowekwe katika maji, kwani hufura na kulibana bapa.

Lakini mnunuzi ajihadhari na mpini anaoambiwa kuwa ni wa pembe ya ndovu, jino la kiboko au pembe ya mnyamapori yeyote. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, sehemu za wanyama hao ni nyara za Serikali, na kukutwa nazo bila kibali ni kosa zito. Haijalishi kwamba kipande ni kidogo, wala kwamba kimekwisha kuwa mpini. Muuzaji asiyeweza kueleza mpini umetokana na nini aachwe na bidhaa yake.

Kukagua kabla ya kulipa

Ukaguzi wa kisu hauhitaji utaalamu. Mnunuzi afungue bapa taratibu na kusikiliza kama linakwama. Kisha alishike kwa vidole na kulitikisa kushoto na kulia. Likicheza likiwa jipya, litalegea zaidi baada ya miezi michache.

Akifunge tena na kutazama kutoka juu. Bapa linapaswa kulala katikati ya mpini, na ncha isichomoze hata kidogo, kwa sababu ncha inayochomoza ndiyo inayotoboa mfuko na paja.

Aangalie pia kama ribiti zimekaa sawa na kama mfuo wa kuingizia ukucha una kina cha kutosha. Mwisho akate ukingo wa karatasi ya gazeti. Kisu kikichana badala ya kukata, kinahitaji kunolewa. Hilo peke yake si sababu ya kukikataa, lakini ni sababu nzuri ya kuomba kupunguziwa bei.

Kunoa na kutunza

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Ukweli mwingine ni kwamba kisu butu ndicho hatari zaidi, kwa kuwa mtumiaji hulazimika kukaza nguvu, na kisu kikiteleza huenda mkononi.

Kupata pembe sahihi ya kunoa ni rahisi. Simamisha kisu wima juu ya jiwe, kiinamishe hadi nusu, kisha kiinamishe nusu tena. Hapo utakuwa umekaribia nyuzi 20, ambazo zinafaa kisu cha mfukoni. Nyoosha mikono sawasawa pande zote mbili, jiwe likiwa na maji.

Ni vyema kuepuka mashine ya kunolea inayozunguka kwa kasi. Joto lake likiligeuza bapa kuwa na rangi ya samawati, ugumu wa chuma sehemu hiyo umepotea na makali hayatakaa tena.

Bawaba ipewe tone moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia hayafai, kwani huganda na kunasa vumbi. Kisu kilichokata nyama kisafishwe kwa sabuni, hasa ndani ya mpini, kabla hakijagusa tunda.

Jeraha na watoto

Ipo methali isemayo mtoto akililia wembe, mpe. Katika suala la kisu ni busara zaidi kumfundisha: akate kuelekea mbali na mwili, asitembee na bapa likiwa wazi, na ampe mwenzake kisu kikiwa kimefungwa.

Mtu akijikata, jeraha lioshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kisha likandamizwe kwa kitambaa safi. Wengi huamini kuwa kutu ndiyo inayoleta pepopunda. Ugonjwa huo husababishwa na bakteria wanaoishi katika udongo na kinyesi cha wanyama, kwa hiyo kisu kinachong'aa kilichotoka zizini kina hatari ile ile. Jeraha lenye kina au uchafu lipelekwe kituo cha afya, ambako mhudumu ataamua kama chanjo inahitajika.

Mahali pa kukiacha

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakataza kutembea hadharani na silaha bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu. Kisu kilichokunjwa mfukoni mwa mtu anayekwenda kazini si sawa na kisu kilichofunguliwa katikati ya ubishi kilabuni. Tofauti huletwa na mwenye nacho.

Kisu kiachwe nyumbani mtu anapokwenda mahakamani, benki, kwenye mkutano wa hadhara au uwanja wa mpira. Anayesafiri kwa ndege kupitia Mwanza akiweke katika mzigo unaokabidhiwa, kamwe si katika mkoba wa kuingia nao ndani ya ndege.

Jambo zito kuliko yote ni hifadhi. Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, inamtaka anayekutwa hifadhini na silaha amridhishe ofisa kwamba haikukusudiwa kuwinda, kuua, kujeruhi au kukamata mnyama. Akishindwa, ametenda kosa. Mapori ya akiba nayo yana masharti yake makali.

Hilo si jambo la nadharia. Katika mahakama za wilaya zinazoizunguka Serengeti, ikiwamo ya Bariadi, wamefikishwa watu ambao vielelezo dhidi yao vilikuwa panga, kisu na nyaya za kutegea wanyama. Mchungaji anayefuata ng'ombe aliyepotea kuvuka mpaka, akiwa na kisu mfukoni, yuko katika hatari mara mbili: ya kuingia bila kibali na ya kutakiwa kueleza kile kisu.

Kwa hiyo mkazi wa vijiji vya mpakani ajue alama za mpaka ziko wapi, na ng'ombe akivuka, atoe taarifa kwa uongozi wa kijiji au kwa askari wa hifadhi badala ya kumfuata. Mgeni anayeingia Serengeti kupitia lango la Ndabaka aulize langoni kabla ya kupita na kisu chake.

Kwa ufupi, kisu kinachofaa Simiyu ni kifupi, chenye bapa moja au mawili, bawaba imara, chuma kinachonoleka kwenye jiwe la kawaida na mpini usio na utata. Mwenye nacho akiulizwa ni cha nini, aweze kujibu kwa sentensi moja, na kisu chenyewe kionekane kukubaliana naye.