Bonasi ya kasino bila kuweka pesa: Kwa nini kuitoa ni shughuli

Unajisajili kwa namba ya simu, unaingiza namba za uthibitisho zilizokuja kwa SMS, na muda mfupi baadaye akaunti inasoma Sh2,000 ambazo hukuziweka wewe. Hiyo ndiyo bonasi bila amana. Kasino ya mtandaoni inakupa salio au mizunguko ya bure kabla hujatuma hata shilingi kutoka M-Pesa au Airtel Money.

Pesa unaiona na unaichezea, ila bado si yako. Mara nyingi salio la bonasi hukaa pembeni na salio unaloweza kutoa. Ili lihame, lazima utimize sharti la kuzungusha dau. Hapa ndipo ile sentensi inayosomwa mbio mbio mwishoni mwa matangazo ya redio, "vigezo na masharti kuzingatiwa", inakuwa na uzito kuliko tangazo lenyewe.

Tuchukulie bonasi ni Sh2,000 na sharti ni mara 40. Jumla ya dau zako inatakiwa ifike Sh80,000. Sio kwamba ushinde 80,000, hapana, ni uzibeti, hata kama ni Sh200 kwa mara 400.

Sasa chukua mchezo wa sloti unaorudisha asilimia 96 ya dau kwa wachezaji. Asilimia 4 inabaki kwa kasino. Asilimia 4 ya Sh80,000 ni Sh3,200, na wewe ulipewa 2,000. Yaani kwa wastani salio linakata kabla hujafika. Wapo wanaovuka kwa bahati, na hao ndio utakaowaona kwenye mabango.

Ruleti ya namba 37 ina makali kidogo zaidi ya asilimia 2.7, sawa na Sh2,160 hivi. Bado inazidi bonasi. Na kasino nyingi huihesabu ruleti nusunusu, au haziihesabu kabisa.

Kwa hiyo namba ya kuangalia kwanza ni hiyo "mara ngapi", wala si ukubwa wa bonasi. Uingereza waliliona hili. Mwaka 2025 mdhibiti wa kamari wa huko alitangaza kwamba sharti la bonasi lisizidi mara 10. Kwa mara 10, bonasi yetu ingehitaji dau za Sh20,000 na hasara ya wastani ya Sh800, kwa hiyo kungebaki kitu.

Kuna masharti mengine yanayojificha chini kabisa ya ukurasa: kikomo cha kutoa (umeshinda 150,000 lakini unaruhusiwa 10,000 tu), siku chache za kutumia bonasi, na dau la juu kwa kila mzunguko, ambalo ukilivuka ushindi unafutwa. Ila linalowakera watu zaidi ni lile la kutakiwa kuweka pesa yako kwanza ndipo utoe. Bila amana, halafu amana!

Kasino yenyewe inapata nini? Inapata namba yako, ruhusa ya kukutumia ofa kila wikiendi, na mtu aliyeshazoea kubonyeza.

Tofautisha pia masharti magumu na wizi. Ukiambiwa utume "ada ya kufungulia ushindi" kwenye namba ya mtu binafsi, au utaje namba ya siri ya M-Pesa, huo ni utapeli. Usijibu, futa.

Kwa Tanzania, leseni hutolewa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Kasino isiyo na leseni ikigoma kukulipa, huna pa kwenda kuidai. Kabla ya kujisajili, waulize huduma kwa wateja maswali matatu: nizungushe mara ngapi, nitoe mpaka kiasi gani, na je, lazima niweke pesa kwanza? Majibu yakija, piga picha ya skrini uyahifadhi.