Picha za Kanisa la Mkunazini

Jamaa zangu mliotawanyika, nawaandikia kutoka Port Botany, Sydney, meza imejaa picha nilizopiga Unguja safari iliyopita.

Kanisa Kuu la Mkunazini limejengwa palipokuwa soko la watumwa, ambalo Seyyid Barghash alilifunga mwaka 1873. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Askofu Edward Steere, yule aliyetunga sarufi ya Kiswahili. Alifariki 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu. Mnara na kuta nilivipiga picha bila taabu, na nguzo za ndani pia (baadhi zimesimamishwa kichwa chini, miguu juu!).

Bustanini mkono ukanitetemeka. Ndani ya shimo zimo sanamu tano za watu, minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Sisi wenye nasaba ya wafanyabiashara wa Kiarabu hupenda kusimulia majahazi, karafuu na milango ya nakshi. Kuhusu soko hili wazee wetu walinyamaza, nasi hatukuwauliza. Picha ya shimo nimeibandika katika albamu yetu, ukurasa unaotazamana na silsila ya ukoo.