Pombe, Chachu na Hamira: Historia ya Maneno Matatu Katika Elimu ya Uzee

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyopokelewa katika istilahi za sayansi duniani, neno pombe lina nafasi ya pekee. Mwaka 1893 mtaalamu wa Kijerumani, Paul Lindner, aliichunguza pombe ya nafaka iliyotoka Afrika ya Mashariki. Humo alitenga kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho, akakiita Schizosaccharomyces pombe. Mwanzo wa jina hilo ni Kigiriki, nao waeleza kwamba kiumbe hicho huzaana kwa kupasuka katikati. Mwisho wake ni wetu.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi kiumbe hicho na ndugu zake walivyofikia kutumiwa katika kupima mimea, na jinsi habari hizo zipasavyo kufasiriwa.

Yafaa tuanze na matumizi ya wananchi. Katika nyanda za juu za Kigoma, kama vile Kibondo na Kasulu, atengenezaye pombe ya ndizi hukamua maji ya ndizi mbivu, huchanganya na unga wa mtama, kisha huuacha mchanganyiko uchachuke. Hahitaji kitu cha dukani, kwani viumbe vya kuchachusha vimo katika unga, katika maganda na katika vyombo. Neno chachu, lenye shina moja na kitenzi kuchacha, lahusu viumbe hivyo barabara. Hamira, neno lenye asili ya Kiarabu, limezoeleka zaidi kwa unga wa dukani wa kuumulia mikate na maandazi. Kwa hiyo twapendekeza chachu iwe jina la kiumbe, na hamira ibaki jina la bidhaa.

Elimu ya uzee iliingia kwa milango miwili. Mwaka 1956 Denham Harman wa Marekani alitoa hoja kwamba mwili huzeeka kwa sababu ya madhara ya aina kali za oksijeni zinazozaliwa ndani ya seli. Mwaka 1959 Mortimer na Johnston walionyesha kwamba seli mama ya chachu ya mikate hufa baada ya kuzaa mabinti kadhaa. Chachu ya pombe nayo ilichunguzwa Edinburgh tangu miaka ya 1950, na Paul Nurse, aliyeitumia kueleza jinsi seli zinavyojigawa, alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001.

Upimaji wenyewe si mgumu kuelezwa. Majani au mizizi hulowekwa ili kupata dondoo. Chachu huoteshwa, nyingine pamoja na dondoo, nyingine bila dondoo, kisha zote hutiwa haidrojeni peroksaidi ambayo huziunguza seli. Baadaye hupandwa juu ya chakula kigumu, na makundi yanayoota huhesabiwa. Ikiwa zilizotiwa dondoo zimesalia nyingi zaidi, yadhaniwa kwamba mmea una kizuiaoksidishaji, yaani kitu kinachopunguza madhara ya oksijeni.

Hapa mfasiri hana budi kutenganisha dhana mbili ambazo Kiswahili cha kila siku huziita umri tu. Ya kwanza ni hesabu ya mabinti ambao seli mama huzaa kabla ya kufa. Twaiita umri wa uzazi. Ya pili ni muda ambao seli iliyokwisha kuacha kuzaa hubaki hai. Twaiita umri wa siku. Mmea waweza kurefusha mmoja usiguse wa pili.

Tofauti hizi si za wanavyuo peke yao. Tuseme bwana afya wa Kibondo ametakiwa kufasiri karatasi ya mizizi inayouzwa sokoni. Akiandika “dawa ya kuzuia uzee”, amewaahidi wazee jambo ambalo hakuna aliyelithibitisha, na huenda mgonjwa akaacha matibabu yake kwa ajili ya ahadi hiyo. Akiandika “dondoo lililorefusha umri wa siku wa chachu”, amesema kilichoonekana. Mfano upo. Mwaka 2003 ilitangazwa kwamba resveratroli, inayopatikana katika maganda ya zabibu, ilirefusha umri wa uzazi wa chachu kwa kadiri ya asilimia 70. Mwaka 2005 watafiti wengine walirudia jaribio hilo wasipate matokeo hayo.

Hapana shaka mimea ya Buha yastahili kuchunguzwa, na waganga wake kusikilizwa. Lakini kati ya seli moja na mtu mzima pana hatua nyingi za uchunguzi, na tafsiri isiziruke. Kwa hiyo twawashauri walimu na wafasiri watumie chachu, kizuiaoksidishaji, umri wa uzazi na umri wa siku kwa maana tulizozieleza, na kila mara wataje ni kiumbe gani kilichopimwa.