Neno "Shaba" na Maana Zake

Hapa kwetu Musonoi, karibu na Kolwezi, neno "shaba" hutajwa kila siku. Walakini watu wawili wakilitaja pamoja, huenda kila mmoja ana lake moyoni. Natulitazame neno hili, kwa maana ndani yake imo sehemu kubwa ya historia yetu.

Asili yake ni Kiarabu, katika shina lenye maana ya kufanana. Madini ya manjano yaliitwa hivyo kwa kuwa yafanana na dhahabu, nayo si dhahabu. Watu wa pwani walilipokea neno, wakaliita kwalo pia madini mekundu, ndiyo haya yetu. Katika karne ya 19, siku za Mfalme Msiri wa Bunkeya, misafara ya biashara iliwaleta huku wasemaji wa Kiswahili.

Wazee wetu walikuwa na jina lao: mukuba. Waliyeyusha mukuba katika tanuru za udongo wa kichuguu, wakaimimina katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa fedha, tena ilikuwa mahari. Wataalamu waliochimbua makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, mwaka 1957 na 1958, waliikuta pamoja na wafu waliozikwa karne nyingi kabla mmisionari wa kwanza hajafika. Basi mtu asidhani ya kuwa wafu wale walikuwa Wakristo.

Kwa mfanyakazi wa Union Minière, na tangu 1967 wa kampuni ya serikali, shaba ilikuwa mshahara, posho, nyumba na shule ya watoto.

Mwaka 1971 neno likapata maana nyingine. Serikali ya Mobutu ilifuta jina la Katanga, ikaliita jimbo lote Shaba. Tangu hapo mtu aliweza kuzaliwa Shaba na kuzikwa Shaba. Mwaka 1977 waasi waliokaa Angola waliingia jimboni. Mei 1978 wakarudi, wakauteka mji wa Kolwezi, hata askari wa miavuli wa Ufaransa na Ubelgiji wakaletwa. Wengi walikufa, weusi kwa weupe. Dunia ikaviita vita vya Shaba, kana kwamba madini ndiyo yaliyopigana. Kisha, mwaka 1992 na 1993, jamaa nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa katika jimbo hilo, ingawa watoto wao hawakujua kwao pengine.

Jina la Katanga lilirudi mwaka 1997, na mwaka 2015 jimbo likagawanywa, sisi tukawa watu wa Lualaba. Kwa hiyo mzee akisema "wakati wa Shaba", kijana hufikiri bei ya madini, kumbe mzee anawakumbuka wafu wake.

Maandiko Matakatifu nayo yana shaba yake. Musa alitengeneza nyoka wa shaba jangwani. Walioumwa wakamtazama, wakapona. Miaka mingi baadaye watu wakamfukizia ubani nyoka yule yule, hata mfalme Ezekia akamvunja vipande vipande. Madini hayakubadilika, mioyo ya watu ndiyo iliyobadilika.

Basi, ndugu msomaji, ukisikia "shaba", uliza kwanza: ipi? Ya mgodini, ya mahari, ya jimbo, au ya vita? Wazee waliokwisha kuziona bado wapo kati yetu. Tuwaulize wangali hai.